Fahali Wawili wa Orlando na Hati ya Bundi

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii aghalabu hutajwa wakubwa wanapozozana na wanyonge wakalipia gharama. Hata hivyo, kuna watu ambao huigeuza methali hii na kudai kinyume chake. Hao ni mashabiki wa bustani kubwa za burudani za mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Fahali wao ni kampuni mbili, Disney na Universal. Mashabiki hao hushikilia kwamba fahali hawa wapiganapo, nyasi hunawiri: vivutio vipya hujengwa, mgeni hupata zaidi ya alichopata mwaka uliotangulia, na mshindi wa kweli si Disney wala Universal bali ni mtoto aliyeshikwa mkono na babake langoni. Makala haya yananuia kuutazama ubishi huo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna swali lisilohusu burudani pekee. Swali lenyewe ni hili: mtu apendaye mahali pasipo pake ana haki gani juu ya mahali hapo?

Msomaji asiyezifahamu bustani hizi hana budi kuelezwa asili yake. Si viwanja vya bembea vya sikukuu, vinavyosimikwa leo na kung'olewa kesho. Kila bustani ni mji wa kubuni wenye mitaa, mito, milima ya saruji na magari ya reli yanayopanda polepole kisha kuporomoka kwa kasi. Na kila mtaa husimulia hadithi iliyotoka katika filamu au kitabu. Disney ndiye aliyetangulia kufika Orlando. Kati ya mwaka 1964 na 1965 wajumbe wake walinunua kimyakimya, kwa majina ya kampuni nyingine, takriban ekari 27,000 za vinamasi na malisho, ili wenye ardhi wasije wakapandisha bei. Walt Disney mwenyewe aliaga dunia mwezi Desemba 1966 kabla ya kuyaona matunda ya ununuzi huo. Bustani ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ikafuatwa na EPCOT mwaka 1982. Mwaka 1989 Disney alifungua bustani ya tatu iliyohusu utengenezaji wa filamu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Juni 1990, Universal naye akafungua yake katika mji uo huo, nayo pia ikihusu utengenezaji wa filamu. Tangu siku hiyo mashabiki wa pande mbili hawajaafikiana ni nani aliyemwiga mwenziwe.

Hoja ya kunawiri kwa nyasi haikosi mashiko. Mwezi Juni 2010 Universal alifungua eneo la Harry Potter katika bustani yake ya pili, na wageni wakafurika. Mwaka 2014 akaongeza eneo jingine la hadithi iyo hiyo. Kwa upande wake, Disney alifungua eneo la Pandora mwaka 2017, na mwaka 2019 akafungua eneo la Star Wars. Mashabiki huyapanga matukio haya kama mtu apangaye karata mezani: huyu alitupa hii, yule akajibu kwa ile. Shabiki wa Universal husema kwamba lau si Harry Potter, Disney angaliendelea kusinzia. Shabiki wa Disney humjibu kwamba lau si Disney, Orlando ingalibaki mashamba ya michungwa, na Universal asingalikuwa na mahali pa kuweka hata hema.

Ubishi huo ulipamba moto zaidi katika miaka ya hivi karibuni. Mwezi Septemba 2023 Disney alitangaza kwamba angetumia takriban dola bilioni 60 katika muda wa miaka 10 kwa ajili ya bustani na meli zake kote duniani. Mwezi Agosti 2024 akaeleza mipango ya Orlando: eneo la filamu ya Cars, eneo la mahasimu wa hadithi zake, na eneo la nchi za joto za Amerika. Naye Universal, tarehe 22 Mei 2025, alifungua bustani mpya kabisa iitwayo Epic Universe, yenye dunia tano ndani yake. Siku 15 kabla ya ufunguzi huo, Disney alitangaza mpango wa kujenga bustani Abu Dhabi. Je, ilisadifu tu, au ilikusudiwa kumwibia jirani umaarufu wa siku yake? Mashabiki waligawanyika papo hapo. Isitoshe, mwezi Aprili mwaka huo huo Universal alikuwa ametangaza bustani karibu na mji wa Bedford, Uingereza, inayokusudiwa kufunguliwa mwaka 2031. Basi hao wakaanza kuulizana nani atafika wapi kwanza, mithili ya majenerali waliokunja ramani mapajani, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyeajiriwa na jeshi lolote.

Hapa ndipo inapofaa kuuliza nyasi ni nani. Mashabiki hujihesabu kuwa nyasi zinazonyeshewa mvua. Lakini mvua hii hulipiwa. Mwaka 1971 kiingilio cha mtu mzima katika Magic Kingdom kilikuwa dola 3.50, na vivutio vikalipiwa kwa kuponi. Mwezi Desemba 2022 tiketi ya siku moja ya bustani iyo hiyo iliwekewa bei ya hadi dola 189 kwa siku zenye wageni wengi zaidi. Hata ukizingatia kwamba thamani ya dola imeshuka sana na kwamba kuponi hazipo tena, tofauti hiyo haielezeki kwa urahisi. Ushindani ambao katika masoko mengine hushusha bei, hapa umeongeza vitu na umeongeza bei pia. Ajabu ni kwamba shabiki hulalamika juu ya bei hiyo usiku, na asubuhi akaamkia kuitetea kampuni yake dhidi ya shabiki wa upande wa pili.

Fauka ya hayo, kuna gharama isiyohesabika kwa dola. Ardhi ikishajaa, kipya hakijengwi ila juu ya kaburi la cha zamani. Tarehe 2 Januari 2012 Universal alikifunga kivutio cha papa wa filamu ya Jaws ili kupisha eneo la pili la Harry Potter. Tarehe 6 Julai 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya mto wa kuchimbwa ndani ya Magic Kingdom, Rivers of America, pamoja na merikebu yake ya gurudumu iliyokuwa imewabeba wageni tangu mwaka 1973. Mto huo ulifungwa ili kupisha eneo la Cars. Watu walisafiri kutoka mbali ili kuiaga merikebu. Wapo waliokuwa wamepanda juu yake wakiwa watoto, wakaja kuipanda mara ya mwisho wakiwa na watoto wao. Mtu wa nje angewacheka: huo haukuwa mto wa kweli, wala kisiwa chake hakikuwa kisiwa cha kweli. Hata hivyo, siku waliyoshinda hapo na wazazi wao ilikuwa siku ya kweli, na baadhi ya wazazi hao hawapo tena.

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri zaidi ni cha kivutio cha Mr. Toad, yule chura tajiri wa kitabu cha Kenneth Grahame. Kivutio hicho kilikuwapo Magic Kingdom tangu mwaka 1971. Zilipovuma habari kwamba kingefungwa, mashabiki walivaa fulana za kukitetea, wakaandika barua na kukusanyika mbele yake. Hawakufaulu. Kilifungwa mwezi Septemba 1998, na mwaka uliofuata pakafunguliwa kivutio cha Winnie the Pooh. Lakini wajenzi waliacha alama ndani ya nyumba mpya. Katika chumba cha Bundi, rafiki yake Pooh, mna picha ya Mr. Toad akimkabidhi Bundi hati ya kumiliki mahali pale. Wengi hupita bila ya kuiona, shabiki huisubiri.

Picha hiyo ni heshima, na pia ni kejeli. Chura anampa Bundi hati, lakini si yeye wala Bundi aliyewahi kuwa na hati. Mwenye hati ni kampuni, tangu zile ekari 27,000 zilipoandikwa kwa majina ya kampuni zisizojulikana. Na aliyelia mlangoni mwaka 1998 hakutajwa katika hati yoyote.

Mtaalamu wa Kiswahili anaweza kuyasoma yote haya na kusema kwamba Orlando ni mbali. Ukweli ni kwamba si mbali kama inavyodhaniwa. Mwezi Aprili 1998 Disney alifungua bustani yake ya nne, Animal Kingdom, na ndani yake kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki. Wabunifu wake waliiga mji wa Lamu: kuta zilizobambuka chokaa, milango ya mbao, vichochoro. Jina la kijiji ni Harambe. Kwenye nembo ya taifa la Kenya neno hilo lina herufi e mbili mwishoni. Huko limebaki na moja. Penye kuta pameandikwa kwamba uhuru wa kijiji ulipatikana mwaka 1961, yaani miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya. Lipo soko lililopewa jina la Mombasa. Nayo kauli ya "hakuna matata", iliyoenezwa na filamu ya mwaka 1994, Disney aliisajili Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini ombi la kuupinga usajili huo. Mashabiki wanapobishana kuhusu mustakabali wa Animal Kingdom, ambako eneo la dinosaria lilianza kufungwa Januari 2025 ili kupisha lile la nchi za joto za Amerika, hubishana pia, pasi na kujua, kuhusu mji wa Waswahili: udumu, upanuliwe, au siku moja upishe kitu kingine.

Lamu halisi nayo iliwahi kuwa na ushindani wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mvita na Amu zilipohasimiana, washairi walitungiana kwa niaba ya miji yao. Muyaka bin Haji alisimama upande wa Mvita, naye Bwana Zahidi Mngumi upande wa Amu. Maneno yao yalikuwa makali kuliko ya shabiki yeyote wa Orlando, lakini kila mmoja aliutetea mji alimozaliwa na ambamo angezikwa. Hata katika zama zetu, mipango ya bandari mpya ilipowagusa wavuvi wa Lamu, wavuvi hao waliweza kwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia. Mwenye haki juu ya mahali ana mlango wa kubisha. Shabiki wa mto wa Magic Kingdom hana mlango huo. Anachoweza ni kuaga.

Je, basi ubishi wa mashabiki ni upuuzi mtupu? La hasha. Ukiuchunguza utaona kwamba chini ya kelele za nani zaidi mna kazi ya subira. Mashabiki ndio wanaokumbuka tarehe ambayo kila kivutio kilifunguliwa na kufungwa. Hupiga picha za kuta kabla hazijabomolewa, hurekodi safari ya mwisho ya merikebu, huchora ramani za mahali pasipokuwapo tena, na huwaonyesha wageni kumbukumbu za Jaws zilizofichwa na wajenzi katika mtaa uliojengwa juu yake. Hawakuweza kuuokoa mto, lakini wameihifadhi habari yake kwa ukamilifu ambao huenda kampuni yenyewe isingejali kuufikia. Wakinyimwa hati ya ardhi, wamejiandikia hati ya kumbukumbu, na hiyo hakuna awezaye kuwanyang'anya.

Somo hilo linawahusu wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kwa shabiki wa Orlando aliyeipima kila kona ya Harambe, idadi ya taa, maandishi ya kila kibao na rangi ya kila mlango ni habari za kila siku. Ni wangapi miongoni mwa wasomi wa lugha hii waliowahi kuketi na wazee wa Lamu yenyewe na kuandika jina la kila mtaa, la kila aina ya chombo, la kila sehemu ya mlango wa nakshi, kabla wenye majina hayo hawajaondoka? Mji wa kuigiza una waandishi wengi wanaougombania. Mji ulioigizwa haufai kuwa na wachache kuliko huo. Siku mashabiki wa Disney watakapokwenda kuiaga Harambe, ikiwa siku hiyo itafika, watakwenda na kumbukumbu zao zote mkononi. Ingekuwa aibu iwapo wataulizwa kilikuwa kielelezo cha nini, na jibu likakosekana kwetu.