Mama, senene na filamu za mapenzi za Krismasi

Ukiwasha televisheni wiki hizi za Desemba hutachelewa kukutana naye. Ni binti wa mjini, ana kazi nzuri na simu isiyotulia, anarudi kwao mji mdogo kwa ajili ya sikukuu. Theluji imejaa hadi madirishani. Anakutana na kijana seremala, au baba aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mmoja wa maswali mengi. Wanagombana kidogo, wanaoka biskuti, duka la familia linanusurika kufungwa, na dakika tano za mwisho wanabusiana chini ya taa za rangi. Imeisha.

Ukiona mbili umeziona zote. Hata hivyo watu wanaziangalia, tena kwa mamilioni. Nchini Marekani, chaneli ya Hallmark, ya kampuni ya kadi za salamu yenye makao yake Kansas City, ilianzisha msimu maalumu wa filamu hizi mwaka 2009, na sasa kila mwaka hutoa mpya zaidi ya 20. Nyingi hupigwa Kanada, wakati mwingine katika miezi ya joto, waigizaji wakitoka jasho ndani ya makoti na theluji yenyewe ikiwa ya kutengeneza.

Netflix nao wakaingia. Mwaka 2017 walitoa A Christmas Prince, kisa cha mwandishi wa habari wa kike aliyetumwa nchi ya kubuni, akaishia kupendwa na mwana wa mfalme. Desemba hiyo hiyo kampuni hiyo iliandika mtandaoni kuwa kuna watu 53 walioiangalia kila siku kwa siku 18 mfululizo. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimetumwa zahanati nyingi na ikulu hakuna, na mchumba sijapata, kwa hiyo nilicheka sana.

Nilipofika nyumbani Kyerwa, Desemba ya 2024, nikakuta mama yangu naye ni mtazamaji.

Zinavyofika kwetu

Kwa asiyekujua huku, Karagwe na Kyerwa ziko magharibi ya Mkoa wa Kagera, jirani na Uganda na Rwanda. Zamani ilikuwa wilaya moja, Kyerwa ikapewa wilaya yake mwaka 2012. Ni nchi ya migomba, kahawa, maharage na vilima. Theluji tunaiona kwenye jokofu la muuza soda.

Filamu zinafika kwa njia mbili. Ya kwanza ni dishi juu ya bati na king'amuzi, kama kifurushi kimelipiwa. Ya pili ni flashi. Unampelekea kijana wa duka la muvi pale Omurushaka au Kayanga, anakujazia. Binamu zangu wa Murongo, mpakani kabisa, wamekulia kwenye muvi zilizosimuliwa Kiganda na wale mabwana wanaoitwa VJ. Wasimulizi wa Kiswahili nao wapo. Lakini flashi ya mama ilikuwa na za Kiingereza kitupu, naye Kiingereza chake ni cha darasa la saba. Kwa wiki mbili za likizo, mtafsiri nikawa mimi.

Televisheni aliinunua kwa pesa ya kahawa. Desemba ni msimu wa senene, hivyo jioni tulikaa na beseni katikati yetu, tunanyonyoa mabawa na miguu huku macho yako kwenye kioo. Mama ana mikono miepesi. Aliweza kumaliza senene kumi bila kutazama chini hata mara moja.

Usidhani jambo hili ni geni. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili, na nchi nzima ikamjua Doudou. Hakuna aliyeuliza Beijing iko wapi. Kila aliyewahi kuwa na mama mkwe alielewa. Tunaangalia ya wenzetu kwa sababu mle ndani tunaona ya kwetu.

Kwa nini zinapendwa

Sababu ya kwanza naijua kutokana na kazi yangu. Mimi naandika habari ambazo mwisho wake haujulikani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, upande wa Bukoba Vijijini. Hadi unatangazwa kuisha mwezi Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Januari 2025, wiki chache baada ya likizo hiyo ninayoisimulia, ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Waliougua na wanaohesabiwa kuwa waliugua walikuwa 10. Wote 10 walifariki. Mtu anayeishi na habari za namna hiyo, jioni anapenda kukaa mbele ya kitu ambacho mwisho wake anaujua.

Sababu ya pili ni ya wazazi. Unaweza kuziangalia ukiwa na mtoto wa miaka saba upande huu na bibi yake upande ule, bila kuikimbilia rimoti. Hakuna damu, hakuna matusi, na busu lenyewe linakuja watoto wameshasinzia.

Ya tatu ni safari ya kurudi nyumbani. Mtu wa Kagera anayeishi Dar es Salaam au Mwanza hahitaji kuelezwa kisa cha binti anayerudi kwao Desemba. Kapanda basi, kavuka daraja la Kyaka, kapita lami ya kwenda Bugene akiwa na begi la zawadi, na kabla hajanywa uji shangazi ameuliza, “Na mwenzako umemwacha wapi?” Swali hilo nimeulizwa kila mwaka tangu nimalize chuo.

Sababu ya nne sikuiona hadi mama aliponionyesha. Angalia vizuri: karibu kila moja ya filamu hizi ina marehemu. Mama wa binti alishafariki, au mume, au babu aliyekuwa mwenye duka. Filamu inaanza msiba umeshapita, na Krismasi inakuja na kiti kimoja kitupu. Mkoa wetu unavijua viti hivyo. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kizazi cha wazazi wangu kilizika ndugu kuliko kinavyoweza kuhesabu. Kwetu kiti kitupu ni cha baba. Alifariki kwa kiharusi mwaka 2014, nikiwa kidato cha nne.

Usiku umeme ulipokatika

Filamu ya usiku ule ilikuwa ya mama mjane. Jina lake si kitu, majina yote yanafanana. Mjane alikuwa na duka la mikate na watoto wawili wakubwa, na kuna bwana mmoja mpole aliyekuwa akija kununua mkate hata siku ambazo hahitaji mkate. Ikafika pale mjane anapokaa na wanawe mezani.

“Anasemaje?” mama akauliza.

“Anawaambia kwamba marehemu hakumwachia agizo la kukaa peke yake.”

“Watoto wanasemaje?”

“Wa kiume amenyamaza. Wa kike amekasirika, anasema baba atasahaulika.”

“Mwache amalize kukasirika,” mama akasema, akachukua senene mwingine.

Dakika kama kumi kabla ya mwisho umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, nikailaza mezani. Nikasema pole, hatujaona mwisho. Mama akacheka. “Wataoana tu,” akasema.

Kisha kimya. Mvua ilikuwa imeanza upya kwenye bati. Akaniuliza, bila kuinua uso kutoka kwenye beseni, “Na wewe?”

Nilijua anachouliza. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mgane, yaani naye amefiwa na mkewe. Jumapili baada ya ibada humletea mama gazeti, wanakaa barazani wakilisoma na kubishana. Kijiji kizima kimeona. Sisi watoto tulikuwa tumeona pia, na hakuna aliyesema neno, maana kwetu mtoto hamuulizi mzazi mambo hayo, na mzazi hamuelezi mtoto.

“Mimi sijakasirika, mama,” nikamjibu.

Tukaongea hadi saa sita usiku. Alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, kwamba jioni ndizo zinazomshinda. Mchana kuna shamba, kuna kuku, kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Giza likiingia anapika ndizi za mtu mmoja.

Kama ripota wa afya nilikuwa nimeandika kuhusu upweke bila kuutia uso wa mtu. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba unahusishwa na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Niliposoma takwimu hiyo niliona sufuria ndogo ya mama.

Filamu haiulizi kibanja ni cha nani

Hapa ndipo filamu na Kyerwa zinapoachana. Kwenye filamu mjane akipata mwenzi, swali linalobaki ni watavaa sweta la rangi gani. Kwetu swali la kwanza ni la ardhi. Wanaijeria wanalijua hilo: katika A Naija Christmas ya mwaka 2021, mama anawaahidi wanawe watatu kuwa atakayetangulia kuoa atapata nyumba, na vurugu zote zinatoka hapo.

Tarehe 28 Desemba wazee wa familia walikaa. Baba mdogo hakuzunguka: “Shemeji akiolewa, kibanja cha marehemu atalima nani?” Kaka yangu mkubwa alikuwa upande wake, ila kwa upole. Mama akawajibu, “Nimekilima miaka kumi. Hakuna aliyeniuliza nakilima na nani.”

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Niliwasomea. Nikawakumbusha pia kesi ya Holaria Pastory, iliyotoka mkoa wetu huu huu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, kama alivyo nayo mwanamume. Kesi hiyo haikuhusu mjane kuolewa, lakini iliwakumbusha wazee kuwa mila zilishawahi kupelekwa mahakamani zikashindwa.

Hakukuwa na taa za rangi. Kikao kiliisha kwa kukubaliana mambo mawili: kibanja kinabaki mikononi mwa mama akiwa hai, na hakuna atakayemsemea mzee wa watu vibaya akija barazani. Ndoa haikutajwa. Kaka aliondoka bila kumaliza chai. Miezi mitatu baadaye alinipigia simu kuniambia amekutana na mwalimu Nkwenda sokoni, na kwamba wamesalimiana vizuri. Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Kwa mzazi anayesoma hapa

Kuna wanaosema filamu hizi zinawaharibu mabinti, zinawafanya wamsubiri mwana wa mfalme. Sina ugomvi nao. Mtoto anayekua nazo anahitaji mtu wa kumwambia yasiyoonyeshwa: nani anapika hizo biskuti, nani analipa kodi ya duka, na kwamba kijana mzuri wa Desemba anapaswa kuangaliwa pia mwezi Mei. Mwambie binti yako, na umwambie pia wa kiume.

Lakini kaa naye uangalie. Mambo tunayoona haya kuyasema ana kwa ana, ni rahisi kuyasema kumhusu mtu wa kwenye kioo. Ukiona anasikitika mahali, muulize, “Ungekuwa wewe ungefanyaje?” Halafu subiri. Kijana wa miaka kumi na tano hawezi kukueleza anachokiwaza kuhusu wewe na mwenzako mnavyogombana, ila anaweza kukueleza vizuri kwa nini wazazi wa kwenye filamu wanamuudhi.

Na kama wewe ni mtoto mkubwa, una kazi mjini, na mzazi wako amebaki peke yake, sikiliza anauliza nini wakati wa filamu. Mama hakuwahi kuniuliza kuhusu theluji. Aliuliza watoto wanasemaje.

Mwaka huu narudi tarehe 22. Flashi imeshajazwa, filamu sita. Mama amepiga simu jana kunikumbusha nisisahau kutafuta ile iliyokatika, kwa sababu kuna mtu mwingine amemsimulia habari yake, naye anataka kuona kama yule binti alimaliza kukasirika.