Barafu, Theluji, Nzururu

Mimi na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, tunapanga kwenda Hakuba, katika milima ya Nagano nchini Japani, tukajifunze kuteleza juu ya theluji. Huko ndiko Mkenya Philip Boit alikoshiriki mbio za kilomita 10 za Olimpiki mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie.

Jioni, hapa Panda, tunapiga hesabu: tiketi, viza, makoti. Mama akauliza, "Theluji ndiyo barafu ya friji?" Swali hilo ni la isimu hasa. Barafu tumeipata kwa Waajemi, na kwao neno hilo ni theluji yenyewe. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Je, lugha za Kibantu hazina neno lao? Linalo: Wakonzo wa Rwenzori husema nzururu. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda. Theluji tunayo nyumbani, nayo inapungua.

Hakuba itangoja, maana theluji yake huanguka upya kila mwaka. Ya Rwenzori haitangoja, na njia ya upande wetu, kupitia Mutwanga, iko katika eneo lisilo na amani. Nimemwambia ndugu yangu tubadilishe mlima. Amenijibu kwamba amani haina tarehe, na hapo ana haki. Lakini sitaki kuja kufundisha nzururu kama neno la kitu ambacho hakuna mwanafunzi atakayekiona.