Damu Haina Tarehe

Machi 2020, muuguzi mmoja mzaliwa wa Mombasa alilala siku tisa chumbani mwake London, homa ikimpanda. Hakupimwa, wakati huo vipimo vilitengwa zaidi kwa waliolazwa hospitalini. Aprili, mama yake aliyeishi naye aliugua korona, akafariki dunia.

Juni, wahudumu wa afya walipoanza kupimwa damu, naye alinyoosha mkono. Kipimo hicho hakitafuti kirusi, bali kingamwili: protini ambazo kwa kawaida hudhihirika wiki moja hadi tatu baada ya ugonjwa kuanza. Hivyo ni dhaifu kumtambua mgonjwa wa leo, husimulia yaliyopita.

Kingamwili zilionekana. Wenzake walimpongeza, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa zingemkinga mtu na ambukizo la pili. Yeye aliwaza tarehe tu. Ikiwa homa ya Machi ilikuwa korona, huenda ndiye aliyemwambukiza mama. Ikiwa ilikuwa mafua, basi aliambukizwa akimuuguza. Damu ilikiri ugonjwa, ikanyamazia siku.

Ndugu zake wa Mombasa walipouliza, alijibu kwamba majibu yalikuwa mazuri.