Nukta ya Nuni

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Usemi huo ulipata ushahidi katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, siku lilipofunguliwa boksi lililotoka Maskati. Ndani mlikuwamo skrini ya kompyuta, pana ya inchi 27, nyembamba kama sinia, zawadi ya kijana kwa shangazi yake. Nyumba nzima ilikusanyika kuitazama kabla haijawashwa, na ilipowashwa ikawa kidonda.

Shangazi huyo ni mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na ushei. Tangu alipoacha kufundisha, amekuwa akiunakili kwa hati za Kirumi utendi wa arusi aliouandika bibi yake kwa hati za Kiarabu. Daftari lenyewe liko Maskati kwa kijana huyo, naye alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa akazituma. Karatasi imeliwa na wadudu, wino umefifia. Lakini mkono wa bibi bado unasomeka, kwa mwenye subira.

Subira hiyo ilikuwa imegota kwenye neno moja. Anayejua hati zetu za kale anajua taabu yake. Herufi be, te na nuni, zikiwa mwanzoni mwa neno, zina umbo moja, jino dogo tu. Kinachozitenga ni nukta: be ina nukta moja chini, nuni ina moja juu, te ina mbili juu. Nayo alama ya irabu iliyo chini ya herufi hutumika kwa i na kwa e pia, kwa hiyo msomaji hutegemea maana kuliko jicho. Katika ubeti mmoja, mahali ambapo bibi anamwasa binti atakayedhulumiwa nyumbani kwa mume, kipande cha tatu kilisomeka hivi: "Tena, mwanangu, kwa pole." Au kilisomeka: "Nena, mwanangu, kwa pole." Mizani ni nane kwa nane. Vina viko mwishoni, havikutoa msaada. Ukisema tena, binti ameongezewa wasia wa kustahamili juu ya ule uliotangulia. Ukisema nena, ameambiwa afumbue kinywa.

Ukoo wote ulisoma tena. Ndivyo alivyokuwa akighani marehemu mama yake mwalimu katika mikesha ya arusi, na ndivyo mwalimu mwenyewe alivyonakili. Hata hivyo neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Kompyuta yake mpakato, iliyonunuliwa mwaka 2014, ina kioo cha nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Ukurasa mzima ukikaa humo, nukta za wino hugeuka vumbi. Akiukuza, herufi huonekana vizuri lakini wenziwe hutoka nje ya kioo. Humwona mtu mmoja asiwaone jamaa zake. Juu ya lile jino aliona alama mbili, naye hakuwa na cha kuzilinganisha nacho.

Skrini mpya ina nukta 3840 kwa 2160. Hizo ni 8,294,400, karibu mara nane ya zile za kompyuta. Mjukuu wa nyumbani akaharakisha kuiunganisha. Alichukua waya wa buluu wenye pini 15, wa aina iliyoanza mwaka 1987, akaupachika kwenye kifaa cha kubadilishia alichokipata kabatini. Picha ikaja, kubwa na yenye ukungu, herufi zimevimba kama zimelowa maji. Mwalimu akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba macho yake yalikwisha kutolewa mtoto wa jicho mara moja, na hana jicho la tatu la kupasuliwa.

Kesho yake aliitwa fundi kutoka Darajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama, wameniletea bahari nami sioni samaki."

Fundi hakugusa kitu. Aliuliza kwanza kompyuta inatoa nini, kisha waya unabeba nini, kisha skrini inapokea nini. Kwa sababu, alieleza, katika watatu hao mnyonge ndiye anayetoa hukumu. Waya wa buluu hupeleka picha kama mawimbi ya umeme, na kile kifaa huyageuza tena kuwa tarakimu, tena kwa kiasi cha nukta 1920 kwa 1080 tu. Mwalimu akaelewa mara moja: ilikuwa tafsiri ya tafsiri. Ubavuni mwa kompyuta, chini ya vumbi la miaka, palikuwa na tundu jingine, la HDMI. Fundi alilipuliza, akatia waya uliokuja ndani ya boksi na ambao hakuna aliyeutazama. Kwa waya wa namna hiyo skrini hujitambulisha yenyewe kwa kompyuta, kama mgeni anayepiga hodi na kutaja jina.

Bado picha haikutulia, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikionyesha kitu kilekile kwenye vioo vyote viwili, na kikubwa kikalazimika kufuata kidogo. Fundi akaiamuru itumie skrini mpya peke yake, akachagua nukta zote. Hapo ukungu ukaondoka. Maandishi ya mashine yakawa madogo kama chawa. Akayakuza mara mbili katika mipangilio, na picha za daftari zikabaki na ukali wake. Ila mshale wa kipanya ulikokota mguu. Tundu lile ni la kizazi cha HDMI kilichotoka mwaka 2009. Kwa wingi huo wa nukta huweza kuchora picha mara 30 tu kwa sekunde, wakati tundu la kizazi cha mwaka 2013 huchora mara 60. Fundi akaomba radhi, akasema kwa michezo na filamu itamchosha.

"Ukurasa haukimbii, baba," mwalimu akamjibu.

Usiku ule alifungua ukurasa wa ule ubeti. Ulisimama wote mbele yake, kuanzia pambizo hadi pambizo, na kila nukta mahali pake. Hakuliendea neno lake. Alianza juu, akazitafuta te zote, moja baada ya moja. Kila palipokuwa na te, bibi hakuwa ameweka nukta mbili. Alikuwa amezivuta kwa mpigo mmoja wa kalamu, kijistari kifupi, kama waandikao wengi wenye haraka. Alizihesabu te kumi na tisa, na zote zilikuwa na kijistari. Ndipo akashuka kwenye lile jino. Juu yake palikuwa na alama mbili zilizoachana. Moja ilikuwa ya wino, rangi ya kahawia kama wenziwe. Ya pili haikuwa na rangi yoyote. Ilikuwa tundu la mdudu, na kupitia humo ulionekana weupe wa karatasi ya chini.

Nena.

Mwalimu alikaa kimya mpaka muadhini wa alfajiri. Mama yake alikuwa ameighani tena kwa maisha yake yote, mbele ya mabiharusi waliokwenda wakastahamili, na mmoja wao alikuwa mwalimu mwenyewe.

Asubuhi alilikata neno kwa kalamu nyekundu, akaandika lingine juu yake. Pambizoni akaongeza kwamba mama alisoma vingine, ili asije akaonekana kama hakuwapo. Kisha akamwandikia mtoto wa kaka yake Maskati kumshukuru kwa zawadi, na kumtaka ubeti huo umfikie binti yake kabla ya arusi ya mwezi ujao.