Mkataba wa Hollins

Katika kijiwe chetu cha Dar es Salaam, Lionel Hollins alikuwa na kesi tangu 2010. Shtaka lilikuwa moja: alimweka benchi Hasheem Thabeet.

Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem wa pili katika drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile, kijana wa hapa hapa Dar. Bila kikao wala kura, Memphis ikawa timu yetu. Lakini dakika za kucheza zilikuwa chache. Februari 2010 akashushwa ligi ya chini, na mwaka uliofuata akapelekwa Houston. Wengi wakaihama timu naye. Mimi na kaka yangu tulibaki, maana tulishawapenda Zach Randolph na Marc Gasol, na ule uchezaji wao wa kusukumana chini ya kikapu. Kaka alibaki na kinyongo. Grizzlies wakifungwa, alisema, "Kocha hajui kulea."

Msimu wa 2012-13 Grizzlies walishinda mechi 56 kati ya 82. Tuliamka saa kumi alfajiri kuwaona wakiwatoa Oklahoma City Thunder, ambao benchi lao lilikuwa na Hasheem mwenyewe. Wakafika fainali ya kanda ya Magharibi kwa mara ya kwanza, San Antonio Spurs wakawachapa nne bila. Mkataba wa Hollins ukawa umeisha. Juni ile uongozi ukasema hautampa mwingine.

Kijiwe kiligawanyika. Upande mmoja ulisema timu ina mmiliki mpya, Robert Pera, aliyekuja na watu wa takwimu. Januari walikuwa wamemtoa Rudy Gay, na Hollins akaonyesha hadharani kwamba hakupendezwa. "Huwezi kugombana na mwenye nyumba halafu ukashangaa kuhamishwa," alisema jamaa mmoja mwenye duka la simu. Akaongeza kwamba mpira wa kikapu unahamia kwenye mitupo ya mbali, na Hollins bado anagombania ya karibu.

Aliyesimama kumtetea Hollins alikuwa kaka yangu.

Alihesabu kwa vidole. Hollins aliikuta timu mkiani, Januari 2009. Msimu ule waliishia ushindi wa mechi 24. Kisha 40, kisha 46, kisha 41 katika msimu uliofupishwa, kisha 56. "Mnataka afanye nini zaidi?" Mtu akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemlaani kocha huyu miaka mitatu mfululizo kwa ajili ya Hasheem.

"Simpendi mpaka leo," kaka alijibu. "Lakini kazi ameifanya."

Mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kwamba miezi miwili kabla, kaka alikuwa amepewa barua ya aya mbili kazini kwake. Aya ya kwanza ilimshukuru kwa mchango wake. Ya pili ilimjulisha kwamba mkataba wake ukiisha hautaongezwa. Hakukuwa na kosa lililotajwa, hivyo hakukuwa na la kujitetea. Nyumbani hakulizungumza. Mama alipouliza, alisema yuko likizo.

Watu hushangaa mashabiki wanavyogombana kuhusu kocha wa timu iliyo ng'ambo ya bahari, ambako hakuna anayewauliza maoni yao. Mimi sishangai tena. Mchezaji tunamsifu kwa kipaji, na kipaji ni cha mtu na Mungu wake. Kocha ni mwajiriwa. Ukibishana kuhusu kocha, unabishana kuhusu nani ana haki ya kumwambia mtu basi, na kwa kipimo gani. Kaka aliisema barua yake pale kijiweni kwa saa mbili nzima, bila kuitaja.

Nafasi ya Hollins alipewa msaidizi wake, Dave Joerger. Naye alishinda mechi 50, kisha 55, kisha 42, na Mei 2016 akaachishwa.

Wakati huo kaka alikuwa na kazi nyingine, yenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nilimtumia habari ya Joerger kwenye simu. Jibu lake lilikuja baada ya saa za kazi: "Dogo, kwani mtu ashinde mara ngapi?"