Ujumbe wa Sauti Ambao Sikuusikiliza

Mimi ni bwana shamba katika kata moja ya Halmashauri ya Bumbuli, na nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuitambua nyanya inayokufa kwa kiu na nyanya inayokufa kwa ugonjwa. Kwa hiyo ninachoungama hapa si ujinga. Ujuzi nilikuwa nao. Sikuutumia kwa sababu kazi ya kusikiliza nilikuwa nimeiachia simu, na nilikuwa nimeshukuru sana kwa kuiacha.

Asiyeijua milima ya Usambara huenda asielewe jinsi mtu anavyofika huko. Vijiji vyetu vimekaa kila kimoja kwenye mgongo wake. Kijiji unachokiona ng'ambo ya bonde, hata moshi wa majiko yake unauona, kinaweza kukumaliza asubuhi nzima: unashuka hadi mtoni, unapanda upya, na masika yakishika njia inateleza hata dereva wa bodaboda anakataa nauli. Simu ilipoenea ilituokoa. Mkulima anapiga picha jani lenye madoa, anatuma, anapata jibu siku hiyo hiyo. Lakini jumbe hazina saa. Zinaingia alfajiri, zinaingia ukiwa mezani na watoto, zinaingia ukiwa msibani.

Na upande wa pili kuna karatasi. Taarifa ya wiki, ya mwezi, ya robo mwaka. Eneo lililolimwa, mavuno yaliyotarajiwa, orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku. Takwimu ileile inaingizwa kwenye daftari, kisha kwenye mfumo wa kompyuta, kisha inaulizwa tena kwenye grupu la WhatsApp, na inatakiwa kabla ya saa sita. Nilikuwa naamka usiku nikiwaza jedwali. Nilikuwa mkali nyumbani. Mke wangu aliniambia kwamba hata nikiwa nimekaa sebuleni, sipo.

Mwenzangu wa kata nyingine akanionyesha programu ya akili mnemba kwenye simu yake. Unaipa ujumbe wa sauti, inaugeuza maandishi, inakupa muhtasari wa mistari miwili, na chini yake inapendekeza jibu. Inapanga maswali kwa uzito wake. Inakukumbusha ratiba. Nilianza kuitumia siku hiyohiyo, na sitasema uongo, ilinipa usingizi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliweza kufika jioni bila jumbe ambazo hazijajibiwa. Wakulima wakanisifu kwamba siku hizi bwana shamba anajibu haraka.

Ilikuwa kiangazi kile kifupi cha Januari na Februari, vuli imekwisha na masika bado. Mama mmoja mwenye bustani ya nyanya bondeni, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa mfereji, alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Muhtasari uliosomeka kwangu ulisema mkulima analalamika kuwa nyanya zinanyauka mchana kwa jua kali. Jibu lililopendekezwa: aongeze kumwagilia asubuhi na jioni. Jua kweli lilikuwa kali. Jibu lilikuwa na sura ya jibu. Nikabonyeza, likaenda, likiwa na jina langu.

Akafanya kama nilivyomwambia. Aliomba zamu ya ziada ya maji kwa wenzake wa mfereji, wakampa kwa kuwa alisema ni maelekezo ya bwana shamba.

Nilipopita bondeni baadaye kwa shughuli nyingine, niliona kwa mbali. Mistari mizima imelala, majani bado ya kijani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila lawama yoyote sautini, akaniuliza kama aongeze maji zaidi. Nikang'oa mche mmoja, nikakata shina karibu na mzizi, nikamwomba bilauri ya maji safi. Nikakishikilia kipande cha shina kikiwa kimening'inia majini. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka kutoka kwenye jeraha la shina. Huo ni mnyauko bakteria. Vijidudu vyake huingia mizizini, hujaa kwenye mishipa inayopandisha maji na kuiziba, na ndiyo maana mche hunyauka huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Husafiri kwa jembe, kwa viatu, kwa mbegu za viazi zilizoambukizwa, na zaidi ya yote husafiri kwa maji. Mimi nilikuwa nimemwagiza aongeze maji.

Jioni ile nilikaa peke yangu nikaufungua ujumbe wake na kuusikiliza kwa mara ya kwanza. Alikuwa anachanganya Kiswahili na Kishambaa, kama tunavyozungumza sote huku. Alisema mche unalala mchana, jioni unasimama tena, kesho yake haurudi. Alisema majani hayajageuka rangi. Alisema ulianza mmoja pale maji yanapoingilia na sasa unafuata mfereji. Na akasema, kwa Kishambaa, kwamba ameushika udongo na una maji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha kilimo angeutambua ugonjwa kwa maneno hayo. Yule mama alikuwa ameshaupima mwenyewe, alichobakiza kwangu ni kuutaja jina tu. Programu ilikuwa imeyaacha yote mawili yenye uzito, udongo wenye maji na ugonjwa unaofuata mfereji, ikabaki na jua.

Ningeweza kuilaumu. Programu za namna hii hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokusanywa. Kiswahili kinaanza kupata sehemu yake, ipo hata miradi kama Common Voice wa Mozilla ambako watu hujitolea kusoma sentensi za Kiswahili ili mashine zijifunze. Kishambaa hakina hazina kubwa namna hiyo. Pale isipoelewa, mashine haikuonyeshi pengo, huliziba kwa linaloelekea kuwa kweli. Lakini hayo yote niliweza kuyajua kabla. Sauti ilikuwa kwenye simu yangu, mfukoni mwangu, na kuisikiliza kungechukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Kosa lenyewe, nikilitazama sasa, lilianza kabla ya programu. Nilikuwa nimechoka, na sikujiuliza nimechoshwa na nini. Kilichokuwa kinaniamsha usiku kilikuwa ni majedwali. Hakuna usiku hata mmoja nilioamka kwa sababu ya nyanya za mtu. Wakulima hawakuwa wamenichosha; ndio waliokuwa wakinifanya nitake kutoka nyumbani asubuhi. Nilipopata msaidizi, nikampa wakulima nikabaki na majedwali. Nilifanya hivyo kwa sababu mkulima akijibiwa vibaya hulalamika polepole, au halalamiki kabisa, ila taarifa ikichelewa simu inapigwa kabla ya saa nne. Nilipunguza pale palipokuwa rahisi kupunguza. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya uvivu.

Na sisi wa kilimo hatuna haki ya kusahau, katika milima hii, madhara ya kuagiza bila kuuliza. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na katika miaka ya 1950 ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta ya kukinga mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini amri ilitoka kwa watu ambao hawakuwa wameuliza ni nani atakayeyachimba matuta yale, na wengi wa waliobebeshwa jembe walikuwa wanawake. Shambaai, nchi ya Washambaa, ikakataa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Nilisoma habari hizo nikiwa mwanafunzi na nikajiona wa kizazi kingine, kizazi kinachouliza kwanza. Kumbe nilikuwa na uwezo wa kutoa agizo kwa mama aliyekwisha kuniambia kwamba udongo una maji.

Tuling'oa miche yote tukaichoma. Shamba lile halitaona nyanya, viazi mviringo, biringanya wala hoho kwa misimu kadhaa. Sasa lina mahindi, na baadaye litapokea kabichi au vitunguu. Fedha ya matenga aliyotarajia kupeleka sokoni ilikuwa ya mabati. Nilichomlipa ni kidogo, akakipokea kwa kunionea huruma, jambo ambalo sikujua namna ya kulistahimili.

Programu sikuifuta. Sasa inaandika taarifa. Naipa takwimu mara moja, inazipanga kwa kila jedwali linalotakiwa, nami nazihakiki. Saa ninazookoa huko nazitumia kusikiliza jumbe za sauti, zote, mpaka mwisho, na pale ninapokuwa na shaka navaa buti. Nimewaambia wakulima wangu kwamba nitachelewa kujibu usiku. Hakuna aliyekasirika.

Limebaki jambo moja. Maji ya mfereji hayaishii kwa yule mama, yanashuka kwa majirani watatu. Msimu uliofuata wawili kati yao walipata ugonjwa uleule. Nimekwenda kwa kila mmoja wao, nikawaeleza kwamba zamu ya ziada ilitolewa kwa neno langu na neno langu lilikuwa si sahihi. Wa tatu ana viazi shambani hivi sasa, bado vinaonekana salama, na kwake nimekuwa nikiahirisha, nikijiambia kwamba labda havitapata kitu. Ana haki ya kuyasikia haya kinywani mwangu kabla hajayasoma, na ana haki ya kuyasikia mapema ili akate mchirizi unaoleta maji kwake na aache kuazima jembe la majirani. Nakwenda kwake leo, kabla sijayatuma maandishi haya.