Dakika 20 za 641

Sapu yangu ya hesabu ilitokana na 4,294,967,297. Swali: je, ni namba tasa? Nikaandika "ndiyo", tena kwa kujiamini. Hata Fermat aliamini hivyo, maana 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazoitangulia katika mfuatano wake, zote ni tasa. Euler akaja kuivunja mwaka 1732.

Kinachoniuma ni hiki: kigawo chake chochote, ukikigawa kwa 64, lazima ibaki 1. Tulifundishwa! Kwa hiyo tasa za kujaribu zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Juzi nilizigawa kwa mkono, nimekaa kitandani hosteli. Nne zikagoma. Ya tano ikatoa 6,700,417 kamili.

Siku ya mtihani nilitoka ukumbini dakika 20 kabla ya muda.